Upindo wa Kanga

Mume wangu aliangukiwa na boriti ya mkoko kichwani wakipakia mashua pale Nyamisati. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Alilala siku tisa hana fahamu. Siku ya kumi alifumbua macho, akaomba uji, nikatoka nje kulia kwa furaha. Kumbe niliharakisha.

Tulipomrudisha nyumbani Kibiti, kila nilipomsemesha aliukodolea macho mdomo wangu, kisha akaziba masikio. Nikimwambia chakula tayari, anageuka kumtafuta aliyesema. Mwisho akaniuliza, "Sauti yako inafika kwanza, ndipo mdomo unacheza. Nani anasema ndani yako?"

Mimi si mpole, mtaa mzima unalijua hilo. Nilimjibu kwamba kama amenichoka aseme, asinisingizie uchawi.

Daktari wa Dar es Salaam alitazama picha za kichwa akasema macho ni mazima na masikio ni mazima. Palipoumia ni ndani ya ubongo, pale kinachoonekana na kinachosikika vinapokutanishwa viwe kitu kimoja. Huenda pasipone, alisema, na hakuandika dawa. Wifi yangu akasema daktari asiyeandika dawa hajauona ugonjwa. Huyu ana jini, apungwe. Nami, aibu yangu hii, nikakubali.

Ngoma tatu zilipigwa uani mchana kutwa, ubani ukifuka. Mume wangu akaitazama mikono ya wapigaji. Kwake kishindo kilikuja kabla mkono haujagusa ngozi, pigo baada ya pigo, ngoma zote tatu. Alitapika, akaanguka, akajigonga kichwa kilekile. Wapigaji wakashangilia kuwa jini amepanda, wakazidisha. Niliwatimua kwa matusi ambayo majirani wanayasimulia hadi leo. La kuvunda halina ubani.

Tangu siku hiyo akawa anakaa ameelekea ukutani. Nikiingia na sahani, anafumba macho mpaka nitoke. Nilistahimili miezi miwili, kisha nikafunga nguo zangu furushi nirudi kwetu Mahege. Kuishi na mtu anayekuogopa si ndoa.

Asubuhi ya kuondoka, baba mkwe akaingia kutoka Dimani kumjulia hali mwanawe. Somo yangu alinifunda unyagoni kwamba mbele ya baba mkwe mdomo wa mwanamke hauonekani. Basi nikavuta upindo wa kanga hadi puani, nikamwambia mume wangu kuwa baba amefika, nikamuuliza kama atakunywa chai naye.

Akageuka. Akanitazama machoni. "Nitakunywa," akasema, "lakini usitie tangawizi, mke wangu."

Nikamuuliza kama atakula na muhogo, akasema atakula. Nikaachia kanga nimshukuru Mungu, na papo hapo akaruka nyuma, mikono masikioni. Nikajiziba tena haraka. Hapo ndipo nilipomwelewa yule daktari.

Furushi nililifungua. Huu ni mwaka wa tatu nazungumza na mume wangu kama anavyozungumzishwa mkwe. Mashoga zangu wananitania kwamba hawajapata kuona mke mwenye adabu kama mimi, nami nawacheka, ingawa utani huo unaniuma. Tunaongea, tunakula pamoja, anajua ni mimi. Ila kucheka nacheka nimempa kisogo. Siku moja aliniuliza kama yale meno yangu ya mbele yenye mwanya bado yapo. Nilimwambia yapo.

Binti yetu alichelewa kusema, nikaanza kuingiwa na hofu. Juzi baba yake alikuwa amekaa barazani, mtoto akamwendea akiburuta kanga yangu kuukuu. Akasimama mbele yake, akaikusanya ile kanga kwa mikono miwili, akajiziba mdomo vizuri, ndipo akasema, "Baba."

Baba yake akaitika. Mimi nilishindwa kuangalia.