Simu Isiyosikilizwa na Watu

Wiki iliyopita nilikuwa Waberi, mtaa wa Garissa, kwenye duka la taar, redio ya kuongea na miji ya mbali. Kijana mmoja alikuwa akiinyanyua simu ya mkononi aliyonunua Nairobi. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa huko Buna.

"Nilichagua hii ili watu wasisikie mambo yangu," kijana akasema.

"Walaal, ndugu yangu, hiyo haishiki mtandao hapa Garissa," mwenye duka akamwambia. "Njoo useme, tusikie sote."

Akashika kipaza sauti. Akaita Buna, akauliza hali ya mkewe.

"Mama mzima, mtoto mzima. Ova," Buna ikajibu.

"Alhamdulillahi!" tukaitikia sote.

Mwaka jana redio hiyohiyo iliniletea habari ya kifo cha mume wangu. Watu nisiowajua wakainua mikono wakamwombea. Kwa simu ya mkononi, ningelia peke yangu.