Mpini Uliong'aa

Fundi Taufiq wa visu ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, hapa Malindi mji wa kale, na kwa miaka kumi na minane nimevumilia vumbi lake. Mimi ni fundi cherehani. Zamani vumbi lilikuwa la mpingo na mkoko, ukilikung'uta linatoka. Tangu alipohamia mipini ya faiba, nikitundika kanzu karibu na dirisha wateja wananirudishia huku wanajikuna shingo, nami huwaambia ni joto.

Faiba yenyewe si ile ya kuzibia mashua. Ni vitambaa vya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, vilivyolowekwa gundi na kushindiliwa mpaka kikatoka kibao kizito ambacho maji ya chumvi hayakifanyi kitu. Alianza kuletewa na Mtaliano mmoja mkaazi wa hapa, mwenye kuagiza visu vya kuweka kwenye kabati. Taufiq alivipenda vibao vile kupita kiasi. Mti unavimba, unapasuka, ribiti zinazoushikilia kwenye chuma zinalegea. Hii faiba, aliniambia, itatuzika sote.

Kila mpini anaufanyia kipimo. Hukupa donge la udongo, ukalibana vile unavyoshika kisu, kisha akachonga mpini kufuata alama za vidole vyako. Donge likikauka analiweka rafuni na jina lako chini. Hayo alifunzwa na baba yake, pamoja na jambo moja jingine: kisu hakitoki dukani mpaka mpini uonyeshe uso wa anayeutazama.

Na hapa pana neno ninalolijua kwa sababu nilikuwa nimeketi pale pale, kikombe cha kahawa mkononi. Siku Mtaliano alipoleta vibao vya kwanza, alimwambia Taufiq kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama kwamba kisu kikiwa cha kazi ya maji, mpini uachwe kwenye msasa wa kukwaruza. Ukiung'arisha utateleza. Alipokwenda zake tulimcheka. Mtu atoke huko kwao aje atufunze mpini, nikasema. Mimi ndiye niliyesema, si Taufiq.

Mastura ni mpasua samaki sokoni. Nasiba, mke wa Taufiq, alipokuwa mgonjwa miezi ile ya mwisho, Mastura alimletea supu ya changu kila adhuhuri na kumlisha kwa mkono wake, maana Nasiba hakukubali kulishwa na mwengine. Nasiba alipofariki, Taufiq aliapa kumtengenezea Mastura kisu ambacho hakuna mpasua samaki mwenzake aliye nacho. Akamwita, akampa udongo. Mastura akaubana kwa mkono wa kulia, akacheka kwamba una baridi.

Mpini ule wa faiba ulisuguliwa siku tano. Alianza na msasa wa kukwaruza, akaja wa kati, akaja ule ambao ukiupitisha shavuni huusikii, akamaliza kwa nta na kitambaa. Aliponiletea niliziona ndevu zangu ndani yake. Nikamwambia upande huu bado kidogo. Akarudi akausugua tena.

Haukupita mwezi wa pili. Mastura alikuwa anapasua kichwa cha tewa mkubwa, na kichwa cha tewa hutiwa ncha, kisha ukasukuma kwa nguvu ya bega. Mpini wa mti ukirowa hunyanyua nyuzi zake, mkono ukazidi kushika. Ule wa kioo na gundi, ulipopata maji na ute wa samaki, haukushika kitu. Ncha ilikwama kwenye mfupa, mkono ukaendelea mbele, ukaumaliza mpini na kuingia kwenye makali. Makali ya Taufiq hayana mzaha. Kano za vidole vitatu zilikatika. Alishonwa, ngozi ikapona, lakini vidole vilibaki vimenyooka, havikunjiki tena.

Taufiq aliletewa kile kisu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Alikiosha, akautia mpini maji na sabuni kidogo, akaja kukiweka juu ya meza yangu ya kukatia. Akaniambia nishike. Nilishika, nikasukuma taratibu, mkono ukaenda wenyewe. Tulitazamana. Akakichukua, akarudi kwake.

Miezi minane tulinyamaza. Watu walisema ni kadari. Wa nyumbani kwa Mastura walisema ni mdomo wake, alikuwa anapiga soga badala ya kutazama kazi, na neno hilo likamganda. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe dukani, mkono umefungwa, kumwomba Taufiq radhi kwa kuitia damu zawadi yake. Taufiq akamjibu ni mipango ya Mungu. Nilimchukia siku ile, kisha nikajichukia na mimi, maana nilikuwa natia uzi kwenye sindano kana kwamba sisikii.

Mwezi uliopita Mastura alirudi. Alisema amechoka kukaa nyumbani akihesabiwa kila tonge, na amejifunza kukata kwa kushoto. Alitaka kisu kingine. Taufiq alikwisha kuukanda udongo, ameshauweka mbele yake, ndipo Mastura aliposema anautaka mpini kama ule ule wa mwanzo, ung'ae vile vile.

Taufiq aliondoa mikono yake juu ya udongo.

"Hautang'aa, Bi Mastura," alisema. "Ule ulikukata kwa sababu niliung'arisha. Nilikatazwa, na nikaung'arisha."

Mastura hakuinua sauti. "Ulijuwa tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na siku niliyokuja kukuomba radhi?"

Mastura akanigeukia mimi mlangoni, nilipokuwa nimesimama na futi yangu shingoni.

"Na wewe Badi?"

Nilimwambia nilikuwa najua.

Alitazama rafu mpaka akaliona donge lenye jina lake. Akaomba literemshwe. Udongo ulikuwa umekauka vizuri, vidole vyote vitano vimejichora, kila kimoja kimekunjika pale pake. Akaujaribu mkono wake wa kulia ndani ya alama zake mwenyewe. Kidole gumba kiliingia na cha shahada kiliingia. Vile vitatu vilibaki juu ya udongo, vimenyooka.

Nilidhani angelivunja lile donge, na nilitamani alivunje. Alilifunga kwenye ncha ya leso yake, kisha akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya udongo mbichi.

"Pima huu," akamwambia Taufiq. "Nna watoto."

Kisu alikuja kukichukua bintiye. Mpini wake ni mkavu, umekwaruzika kama ngozi ya papa, na Taufiq hajang'arisha mwengine tangu hapo. Mastura yuko sokoni, anapasua kwa kushoto, polepole. Akinipita hunisalimu, kwa sababu amelelewa. Nguo zake na za watoto wake sasa anashonesha kwa fundi mwengine, mtaa wa pili.