Mayai Majini

Jirani yetu wa Kaloleni hakuwahi kutupa yai kabla ya kuliongelesha. Siku ya kumi na tisa ya kuatamia alikuwa akimwondoa kuku, akajaza karai maji ya vuguvugu, akayatia mayai moja moja kwa mikono yake mipana. Kisha aligonga ukingo wa karai mara tatu kwa ukucha wa kidole gumba na kulia kwa sauti nzito kama kuku. "Kama kuna mtu ndani, ataitika," alizoea kutuambia. Yai lenye kifaranga lilitikisika majini. Lililotulia aliligongea tena, akalingoja sana, halafu akalitoa, akalitupa na kujifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

Mwaka wa sabini na nane, dada yangu Wacera, mwenye mimba ya miezi minane, aliingia kwa jirani akiwa ameshika tumbo, nami nikimfuata. "Mama, mtoto hajacheza tangu juzi." Jirani alimlaza kwenye kochi, akaweka sikio tumboni, akagonga mara tatu kwa ukucha uleule. Tuliwasikia kuku wakiparura nje. Akagonga tena, akangoja.

"Amesikia?" Wacera akauliza.

"Vaa viatu, mwanangu, twende hospitali," jirani akamjibu kwa upole, kama kwamba bado kulikuwa na la kuwahi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na niliviona vidole vyake kwenye leso, akivifuta kimoja kimoja.