Namba, Cheo, Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijaketi. Nilifika Njombe asubuhi ya mwezi wa sita, ile baridi yetu inayofanya hata kalamu igome kuandika, nikiwa nimevaa sweta mbili na nimeshika barua ya ajira. Mkuu wa Masijala, mama mnene mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alinikuta nimesimama mbele ya kabati, nimefungua jalada la mtu nisiyemjua, nasoma huku natabasamu.

"Binti, hilo ni gazeti?"

"Hapana, mama."

"Basi funga. Karani wa masijala anajua jalada liko wapi, linakwenda kwa nani na litarudi lini. Yaliyomo ndani yana wenyewe."

Nilifunga. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kwangu mimi kikohozi kilikuwa udadisi, nao haukupona mpaka nastaafu.

Ninyi vijana mnaobofya tu na jina linatokea, ngoja niwaeleze. Masijala ni chumba zinamoishi karatasi za ofisi. Kila jalada lina namba yake, na kila karatasi inayoingia humo hupewa namba ya folio kwa wino mwekundu, juu kwenye kona ya kulia. Upande wa kushoto hukaa madokezo, yaani maneno mafupi ambayo wakubwa huandikiana: "Naomba maelekezo," "Nimeona," "Tuonane." Lakini sheria niliyoishika kuliko zote ni kwamba kwenye jalada hakifutwi kitu. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba ili neno la zamani liendelee kusomeka, unaandika la sahihi juu yake, unatia sahihi. Mkuu wa Masijala alikuwa akisema kwamba hata upuuzi, ukishaingia kwenye jalada, una haki ya kuonekana.

Nilipelekwa Makete, nikajifunza kuandika nimevaa glavu. Nikahamishiwa Makambako, mji wa malori na vumbi, ambako wageni hawakuisha mlangoni. Mwisho nikarudishwa Njombe, kwenye ofisi ndogo iliyohudumia wastaafu wa jeshi, na hapo ndipo nilipozeekea. Wazee wote waliniita Mama Masijala.

Bosi wangu pale alikuwa Kapteni, mtu mrefu, mpole, mwenye masihara makavu. Alinipa amri moja tu: kila mstaafu anayeingia, kabla hujamuuliza shida yake, mwambie ataje namba, cheo, jina, kama alivyokuwa akitaja kwenye gwaride.

"Mwanajeshi anaweza kumsahau mkwewe," alisema, "lakini namba yake ya utumishi anakwenda nayo kaburini. Na wewe utajua hapo hapo kama jalada uliloshika ni lake."

Niliipenda kazi hiyo, jamani. Mzee anaingia amejikunja na fimbo yake, analalamika magoti. Unamwambia, "Namba, cheo, jina," na mgongo unanyooka.

Maombi ya kubadili jina kwenye kumbukumbu za utumishi yalikuwa mengi. Huyu aliandikishwa kwa jina la utani, yule alibatizwa baadaye. Utaratibu haukuwa mgumu: mwombaji anaapa mbele ya hakimu, analeta barua ya mtendaji wa kata na picha, sisi tunapeleka makao makuu. Nilikuwa nikiyashughulikia huku nakunywa chai. Mpaka alipokuja Mzee Zakayo Tweve.

Aliletwa na Mwalimu Neema, mwanamke wa makamo, anayefundisha shule ya msingi huko Mahongole. Mzee alikaa, akaweka kofia magotini, akaangalia dirishani.

"Kamwene, mama," alinisalimu Neema.

"Kamwene, mwanangu. Karibuni."

"Nimemleta baba. Kitambulisho chake cha taifa ni Zakayo. Jeshini wameandika jina jingine. Juzi kwenye uhakiki wa wastaafu wamemrudisha, wanasema hawa ni watu wawili. Tunaomba la jeshini libadilishwe, lifanane na hili."

"Jina jingine lipi?"

Neema aliisukuma kadi ya jeshi mbele yangu kwa kidole, nikasoma: Eliasi Tweve.

"Hilo nyumbani hatulitaji," akasema.

Hapo kikohozi changu kikanibana. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia anisimulie.

Kumbe Zakayo mwenyewe alikuwa baba mzazi wa Neema, mkulima wa Mahongole, ambaye alifariki Neema akiwa bado shule ya msingi. Mama yao alikuwa ametangulia. Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo walishuka kutoka Ipelele, kwao milimani, wakakaa kikao. Mdogo wa marehemu, Eliasi, ndiyo kwanza alikuwa amestaafu jeshi, hana mke wala mtoto. Wazee wakampa jina la kaka yake, kiti chake na watoto wake. Kwa desturi ya ukoo wao, aliyerithi jina la marehemu haitwi tena kwa jina lake la kwanza. Ukilitaja, ni sawa na kuwaambia watoto kwamba baba yenu kweli amekufa.

"Tangu siku hiyo ni baba," Neema alisema. "Alishika jembe la baba, akakaa kwenye benchi la baba kanisani. Tukaacha kulia."

Nilivuta karatasi nianze kuandika dokezo. Nikakumbuka amri ya Kapteni.

"Mzee wangu, tusamehe. Kabla hatujaanza: namba, cheo, jina."

Alisimama. Kofia ilianguka, hakuiokota. Mikono ikashuka ubavuni, kidevu kikapanda. Akataja namba bila kigugumizi, akasema "Koplo!" kisha akatoa sauti ambayo ilifanya waliokuwa kwenye foleni huko nje wachungulie.

"Eliasi Tweve!"

"Baba!" Neema alishtuka, akamshika mkono. Mzee hakukaa.

Namba ilikuwa sahihi. Lakini mimi nilikuwa naangalia uso wake, maana ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona alipoingia.

"Mzee," nikamuuliza, "ombi hili ni la nani?"

"La watoto."

"Na wewe je?"

Alisema polepole, "Mama, nyumbani mimi ni Zakayo. Kanisani, Zakayo. Sikatai, nilikubali mwenyewe mbele ya wazee, na watoto hawa nawapenda. Lakini Eliasi naye alikuwa mtu. Huyo amelinda mpaka wa nchi. Amebeba wenzake mgongoni. Usiku wa baridi alikuwa akiwachekesha kambi nzima. Hana mtoto. Amebaki humo tu, kwenye jalada lako. Mkimtoa na humo, atakuwa amekufa na hakuna aliyemlilia."

Machozi yalinitoka, wala sikuyaonea haya.

"Kwa nini hukusema, baba?" Neema aliuliza.

"Mlikuwa mmeshaacha kulia. Ningewaanzishaje tena?"

Nikawaeleza kwamba ipo njia nyingine. Jina la jeshini halitaguswa. Tutaongeza kiapo kwamba Eliasi na Zakayo ni mtu mmoja, kiingie kama folio, na uhakiki utakubali. Tatizo ni moja. Mzee ataapa, lakini hakimu atataka pia ndugu wa karibu anayemjua kwa majina yote mawili, ayataje kwa kinywa chake.

Ndugu wa karibu alikuwa Neema. Aliinuka, akatoka nje bila kuaga. Nikadhani ameondoka. Mzee aliinama kuokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Mimi na udadisi wangu nikasogea dirishani. Neema alikuwa amesimama kando ya uzio, ameupa mgongo upepo, midomo inacheza. Nilifikiri anapiga simu Ipelele kuomba ruhusa, lakini mikono ilikuwa mitupu. Alikuwa anajifunza kulitamka.

Aliporudi alisema, "Twendeni kwa hakimu."

Haikuwa kazi yangu kuwasindikiza. Nilimwambia Kapteni napeleka karatasi mahakamani, naye akanitazama, akasema, "Nenda, la sivyo utapasuka."

Hakimu alimuuliza Neema, "Huyu unamfahamu kwa majina gani?"

"Zakayo Tweve," alijibu, "ambaye ni baba yangu."

Mzee alikuwa akiangalia sakafu.

"Na Eliasi Tweve, ambaye ni baba yangu mdogo."

Hapo akalia, kilio cha mtoto aliyepewa habari za msiba siku hiyo hiyo. Baba yake mdogo akamvuta kifuani, wakalia pamoja, kila mmoja na marehemu wake. Hakimu aliacha kuandika mpaka walipotulia.

Kiapo kilikwenda makao makuu, majibu yakarudi: imekubaliwa. Nilikipachika kiapo jaladani mwenyewe. Jina la Eliasi lilibaki pale pale lilipoandikwa siku alipojiunga, safi, bila mstari.

Sasa nimestaafu, naishi Makambako, nina bustani na kuku wasumbufu. Kustaafu kuna mambo yake. Watoto wananiita mama, wajukuu bibi, mtaani bado ni Mama Masijala. Marehemu mume wangu alikuwa akiniita Mama Upendo. Nilitunza majina ya watu miaka yote ile, na langu halikuwa na wa kulitamka. Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo mpaka juzi sokoni.

Nilikuwa nachagua viazi nilipowaona, Mzee na Neema. Neema ananunua, anamtania, "Wewe Eliasi, umechagua vilivyooza!" na mzee anacheka mpaka anakohoa. Akaniona.

"Kamwene, Mama Masijala!" Kisha akasita, akanitazama kama mtu aliyegundua upungufu. Akasimama wima. "Hebu kwanza. Namba, cheo, jina!"

"Afande, mimi raia. Sina namba, na cheo nimeshakiacha."

"Basi taja kilichobaki."

Watu walikuwa wanatuangalia. Nikaweka kikapu chini. Nikanyoosha mgongo wangu huu unaouma, mikono ubavuni juu ya kitenge, na katikati ya magunia ya viazi nikapaza sauti:

"Tulinave Mligo!"

"Tulinave Mligo," alirudia taratibu, akatikisa kichwa, ameridhika. "Yupo."