Jini Lenye Sauti ya Kaka

Marehemu kaka yangu alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video, Muleba. Wazungu na Waarabu wa kwenye filamu wanasema yao, yeye anawawekea Kiswahili na kuchomekea Kihaya, watu wanavunjika mbavu. Mama alikula kiapo kwamba hatakanyaga humo. "Nyumba ya wahuni," alisema. Kaka alipougua, akawa amelala chumba cha nyuma ya kibanda hichohicho, Mama alinituma mimi na uji. Yeye hakwenda. Alikuwa bado na hasira, na kaka hakusubiri ziishe. Tukamzika kibanjani kwetu Izimbya, kati ya migomba, karibu kabisa na jiko.

Mwaka huu mwenye kibanda alinipa flashi yenye filamu moja ya zamani aliyoitafsiri: mabaharia, zulia linaloruka, jini kwenye chupa. Nikaichomeka kwenye TV ya Mama mchana mmoja baada ya misa, bila kumwambia kitu. Nilitaka aisikie, imuume. Nilikuwa na kinyongo naye, kwa nini nifiche?

Baharia akazibua chupa, moshi ukajaa kwenye kioo, jini likanguruma kwa sauti ya kaka: "Nimekaa humu miaka na miaka, hakuna hata wa kuja kunijulia hali. Kahawa yangu iko wapi?"

Hiyo kahawa aliichomekea mwenyewe, utani wake wa siku zote. Kwetu mgeni hupewa akamwani, punje kavu za kahawa za kutafuna, kabla ya neno lolote. Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kulia chumbani. Akarudi na akamwani kwenye kisahani, akakiweka mbele ya TV, akapiga magoti. Kwetu mtoto ndiye humpigia mama magoti.

"Haya, omba unachotaka," likasema jini.

"Nisamehe, mwanangu," Mama akasema. "Nilipaswa kuja."

"Hilo tu? Basi, tayari."

Aliyejibiwa ni baharia, alikuwa ameomba chakula. Mama hakumwona baharia kabisa. Akajifuta uso kwa kanga, akaniambia nizime. Tangu hapo analala usingizi mzuri, anaimba akimenya ndizi, na filamu ile hataki kuiona tena. Ya nini, wakati ameshajibiwa?

Mimi ndiye niliyebaki nayo. Jumapili iliyopita nilisingizia kichwa, Mama akaenda kanisani peke yake. Nikaweka akamwani kwenye kisahani kilekile, nikawasha. Maneno yote nilikuwa nayajua, na mimi si mjinga. Lakini jini liliposema niombe, nikamwomba kaka arudi nyumbani.

"Hilo tu? Basi, tayari."

Nikazima. Tangu siku hiyo mlango wa kuelekea kibanjani nashindwa kuufunga, naogopa akija na naogopa asipokuja. Mama analalamika kwamba mbu wanaingia.