Kengele ya Mzee Stubbs

Odessa Pruitt aliendesha lori la maji jangwani wakati wa vita vya Ghuba, akarudi Arkansas na mgongo usiomsamehe hadi leo. Siku ya kwanza alipokwenda kutibiwa katika hospitali ya askari wastaafu, karani wa mapokezi alimwuliza jina la mumewe aliyepigana. Odessa akamjibu kwamba mume hana, vitani alikwenda mwenyewe. Akatibiwa, akasomea uuguzi, akarudi kufanya kazi palepale. Wagonjwa walimwita Sajini. Jumapili aliwaletea mkate wa mahindi kutoka kwake, na wenye kisukari aliwaokea wa peke yao.

Mwaka mmoja alilazwa mzee Harlan Stubbs, amevunjika nyonga. Alipomwona Ligaya, muuguzi kijana mzaliwa wa Ufilipino, akija kumgeuza, aliusukuma mkono wake. Alisema hataguswa na watu wa sura ile. Aliwaona wa kutosha kule Vietnamu. Bwana Kessler, msimamizi asiyependa kelele, akaamua Ligaya ahamishiwe ghorofa nyingine.

Odessa akamfuata ofisini. "Ukimhamisha huyu leo kwa sababu ya sura yake, bwana, kesho utanihamisha mimi kwa weusi wangu. Wodi utabaki nayo na nani?"

Kessler akakuna kidevu, akasema basi Odessa mwenyewe akaongee na mzee.

Odessa akavuta kiti kando ya kitanda. "Mzee wangu, kitanda hiki ni haki yako. Dawa ni haki yako. Kuchagua rangi ya mkono unaokupa dawa, hilo halimo."

"Wewe hujui nilichokiona kule."

"Sijui. Na huyu binti hakuwako."

Mzee akageukia ukutani.

Ligaya akabaki. Ila wenzake walikuwa na kinyongo: kengele ya mzee ikilia, kila mtu alijifanya anakunja mashuka. Mchana mmoja Odessa alimkuta mzee amelowa mkojo, machozi yanamlengalenga kwa aibu. Akambadilisha nguo na mashuka, kisha akawaita wauguzi jikoni. Hakupaza sauti.

"Ligaya nilimtetea kwa kuwa alionewa. Sasa anayeonewa ni yule mzee. Kengele yake ni kengele kama nyingine."

Wa kwanza kuinamisha kichwa alikuwa Ligaya, maana siku ile naye aliisikia asiende.

Tangu hapo akawa anakwenda yeye. Mzee hakuomba radhi kamwe. Alianza kwa kununa, akaja kulalamikia kahawa, mwishowe akamwuliza kama mama yake yu hai. Asubuhi ya kuruhusiwa, na harusi ya mjukuu wake ikimngoja, aliwakataa wote waliokuja na wembe.

"Niitieni yule binti. Nyie mtanichinja."

Ligaya akamnyoa polepole, mzee kafumba macho, kidevu juu. Odessa alisimama mlangoni kidogo, akatabasamu, kisha akaenda kumpokea mgonjwa mpya, mama mmoja rubani wa helikopta, aliyekuwa bado anabishana na karani juu ya jina la mume.