Mwigizaji wa Video za Kimya

Wiki hii nilikuwa ofisi ya karatasi za safari hapa Jeddah, ikama, kibali changu cha kuishi, mkononi, masikio yote kwa wenzangu. Msichana mmoja Mkenya akamdaka dada aliyekaa kando yangu: "Wee! Si wewe ni yule wa video za kimya? Vile unamuigiza madam wako wa kazi akitafuta miwani! Mbona huwa huongei?"

Nikasogeza kiti. Umbea mtamu huu!

"Mamangu hasikii," akajibu yule dada. "Nilikuwa namrekodia yeye, nimejificha chumba cha kufulia. Nyinyi wengine mliingia tu kutazama."

"Basi sasa unaenda kumuona! Atafurahi huyo!"

"Kafili, mwajiri wangu, ametia saini ruhusa ya safari leo. Mama amezikwa juzi."

Karani akamwita, akamuuliza kwa Kiarabu sababu ya safari. Yule dada akamjibu kwa ishara. Akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, kisha akafukia hewa kwa mikono miwili, polepole, kama anayemfunika mtoto shuka. Karani, asiyejua neno letu hata moja, akagonga muhuri bila kuuliza tena.

Mimi nilikuwa nimeshaandaa maswali kumi. Nikarudisha kiti changu mahali pake.